Ramani Inapoishia

Jioni moja pale Koboko, vijana saba walikuwa wamejibana mbele ya kompyuta moja wanamtafuta mwanamke.

Si mwanamke wa kweli, ndugu msomaji, usishtuke. Ni wa kwenye gemu. Walikuwa wamepigana saa nzima. Mji wa adui umeshabomolewa, ghala hakuna, askari wake wamekwisha. Lakini kompyuta inakataa kuwaandikia kwamba wameshinda. Katika gemu lile, kama hukubadilisha masharti mwanzoni, ushindi ni mpaka mtu wa mwisho wa adui aanguke. Na mtu wa mwisho alikuwa amebaki: mama mmoja mkulima.

Wakampata. Amesimama pembezoni kabisa mwa ramani, pale ardhi inapoishia na giza linapoanza. Wakatuma wapanda farasi watano. Wote wanacheka, isipokuwa mtoto mmoja wa miaka kumi na mbili hivi, ambaye familia yake ilivuka mto Kaya kuja huku. Yeye akaniuliza polepole, "Mwalimu, mbona havuki?"

Nikamjibu vile mtu mzima anavyojibu akiwa hana jibu: "Ramani imeishia pale."

Akaniangalia. "Lakini sisi tulivuka."

Makala hii ni jaribio langu la kumjibu vizuri zaidi.

Gemu lenyewe

Linaitwa 0 A.D. Jina lina utani ndani yake, maana mwaka sifuri haukuwahi kuwepo. Kalenda inatoka mwaka 1 K.K. inaingia moja kwa moja mwaka 1 B.K. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama marekebisho ya gemu la biashara, Age of Empires II, halafu likajitegemea. Wanaolitengeneza ni watu wa kujitolea wanaojiita Wildfire Games. Mwaka 2009 waliufungua msimbo wake, kila mtu auone, autumie, aurekebishe. Kwa hiyo hulinunui. Mtu anakuletea kwenye flashi, unaliweka, na ukitaka kucheza huhitaji intaneti. Kompyuta mbili zikiunganishwa kwa waya, watu wanacheza pamoja. Kwa mahali kama kwetu, ambako bando inaisha kabla ya stori, hilo si jambo dogo.

Ni gemu la mkakati wa papo kwa papo. Maana yake hakuna zamu kama kwenye drafti. Wakati wewe unafikiri, mwenzako anajenga. Unachagua taifa la kale, unaanza na watu wachache na jengo moja kubwa la katikati, halafu unalima, unakata miti, unachimba, unajenga, na mwisho unapigana.

Mimi kabla ya kukimbia nilifundisha historia sekondari, upande wa Aru, Kongo. Sasa naishi Lobule, na siku mbili kwa wiki napanda boda mpaka Koboko mjini kuwasaidia vijana masomo kwenye kituo kimoja. Kompyuta za pale zililetwa kwa ajili ya kujifunza kuandika barua za kuomba kazi. Saa kumi jioni barua zinafungwa, gemu linafunguliwa. Muda mrefu niliona ni upotezaji wa sola. Halafu siku moja kijana ambaye sijawahi kumwona na kitabu mkononi akaniuliza: "Mwalimu, Amanirenas ni mtu wa kweli au wamemtunga?" Hapo nikavuta kiti.

Linachofanya vizuri

Jambo la kwanza: linaanza na chakula. Vitabu nilivyofundishia vilianza na mfalme. Huyu alizaliwa mwaka huu, akampiga yule mwaka ule. Gemu linaanza na mama anayechuma matunda porini. Rasilimali ni nne: chakula, mbao, mawe na madini. Bila chakula hupati mtu mpya. Bila mbao hujengi nyumba, na bila nyumba idadi ya watu haipandi. Kijana anayekimbilia kuunda askari kabla ya kulima anapigwa vibaya na Petra, ambalo ndilo jina la mpinzani anayeendeshwa na kompyuta. Vijana wamembatiza Mama Petra, kwa sababu, wanasema, hana maneno mengi na halali. Mama Petra amewafundisha kwa wiki mbili kile nilichohangaika nacho muhula mzima: nyuma ya kila jeshi kuna shamba la mtu.

Tena askari wa kawaida katika 0 A.D. ni raia. Kukiwa na amani anakata miti na kujenga. Vita ikija, anaacha shoka anashika mkuki. Kwa hiyo kila uliyempeleka vitani, kazi yake nyumbani imelala, na unaiona kwenye hesabu: mbao zimesimama, chakula kimesimama. Filamu za vita hazikuonyeshi gharama hiyo. Sisi tuliotoka kwenye vita tunaijua. Tumeona mashamba yaliyoota majani kwa sababu vijana wa pale walichukuliwa.

Jambo la pili: miti inakwisha. Katika gemu mti ukikatwa haurudi. Dakika kumi za kwanza msitu uko mlangoni; baadaye wakataji wanatembea mbali zaidi na zaidi, mpaka wanakutana na wakataji wa jirani, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Niliposimama nyuma ya vijana nikiangalia hilo, niliona kuni za Rhino Camp na Imvepi. Akina mama wa kule hawahitaji kuelezwa. Ukiuliza mabishano kati ya mkimbizi na mwenyeji yanaanzia wapi, mara nyingi utaambiwa ni kuni, nyasi za kuezekea, au kisima. Siasa inakuja baadaye. Gemu limeliona hilo vizuri kuliko hotuba nyingi.

Jambo la tatu ni Kush. Mwaka 2018 watengenezaji waliongeza ufalme wa Kush kwenye 0 A.D.: Napata na Meroe, kwenye Nile, kaskazini mwa Khartoum ya leo. Una piramidi zake, hekalu la Amun na la Apedemak, tembo wa vita, na wapiga mishale wa Nubia. Mashujaa wake ni watatu: Nastasen, Arakamani na Amanirenas. Kwa kijana aliyezaliwa Yei au Juba, kuona kwamba mto uleule unaopita kwao ulikuwa na dola iliyosimama mbele ya Roma, hilo ni somo ambalo hakuna mtu aliyempa.

Na Amanirenas ni mtu wa kweli. Strabo, mwandishi Mgiriki wa zama zile, anamtaja Kandake, malkia wa Kush, shupavu, mwenye jicho moja. Kandake si jina, ni cheo; wanahistoria wengi wanaona kwamba aliyesemwa ni Amanirenas. Karibu mwaka 25 K.K., Warumi wakiwa wameichukua Misri juzijuzi, watu wa Kush walivamia Aswan, Elephantine na Philae na kubeba sanamu za Kaisari Augusto. Petronius, gavana wa Misri, akajibu kwa kushuka na jeshi mpaka Napata na kuibomoa. Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta Meroe, chini ya ngazi za jengo, ile sehemu ya kichwa ya sanamu ya shaba ya Augusto. Ilikuwa imefukiwa pale mlangoni ili kila anayeingia amkanyage Kaisari. Leo iko London, kwenye jumba la makumbusho la British Museum. Niliposimulia hilo kituoni, kelele iliyopigwa ilimleta mlinzi.

Linganisha na gemu wanalolifahamu watu wengi zaidi. Age of Empires II nalo liliongezewa Afrika mwaka 2015, katika toleo lililoitwa The African Kingdoms. Waliingia Waethiopia, Wamali na Waberberi, jambo zuri. Lakini toleo hilohilo la "falme za Afrika" liliwaleta Wareno, na mojawapo ya hadithi unazocheza ni ya Francisco de Almeida. Msomaji wa Kiswahili analijua jina hilo kwa njia nyingine: mwaka 1505 merikebu za Almeida ziliipora Kilwa, kisha zikaichoma Mombasa. Yaani mtoto wa pwani akitaka kucheza habari za bahari yake, kiti alichowekewa ni cha yule aliyekuja kuchoma. Simkatazi mtu kukikalia. Nasema ajue amekalia nini.

Linapokosea

Sasa udhaifu. Nitaacha yale madogo, kwamba watu hawazeeki, hawaugui malaria, mvua hainyeshi kwa msimu, na mtu akishaundwa hali tena chakula maisha yake yote. Laiti posho ingekuwa hivyo. Nitazungumzia manne ambayo hapa kwetu si madogo.

La kwanza ni rangi. Kila mchezaji ana rangi moja, na kila mtu wake amevaa rangi hiyo. Wa bluu ni wa bluu, wa nyekundu ni adui. Hakuna aliyeoa upande wa pili, hakuna mwenye bibi kule na shamba huku. Lakini angalia West Nile. Mwaka 1894 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipangishwa eneo la Lado, na Arua ya leo ilikuwa ndani yake. Leopold akafa Desemba 1909. Mwaka 1910 eneo likarudishwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu hii ya kusini ikahamishiwa Uganda. Ndipo mji wa Arua ulipoanzishwa kuwa makao ya serikali. Maana yake ni kwamba mzee wa hapa, bila kuhamisha figa hata moja, alikaa chini ya serikali tatu katika muda wa miaka mitano. Je, alikuwa rangi gani?

Wakakwa mpaka leo wako nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Karibu na Koboko nchi hizo zinakutana mahali panapoitwa Salia Musala; na musala kwa Kikakwa ni tatu. Gemu halina mahali pa mtu wa tatu-tatu. Wanubi nao vilevile. Kijana mmoja wa Kinubi pale kituoni, alipoona wapiga mishale wa Nubia, alisimama: "Hawa ndio babu zangu!" Sikutaka kumvunja moyo, lakini mwalimu ni mwalimu. Wanubi wa Arua, Koboko na Bombo historia yao ya karibu ni ya askari waliokusanywa kutoka makabila mengi ya Sudan Kusini na jirani, wakabaki Equatoria Mahdi alipokata njia ya kaskazini. Gavana wao, Emin Pasha, alikaa Wadelai, hapahapa kando ya Nile. Mwaka 1891 Lugard akawaandikisha wengi kwenye jeshi la Waingereza. Lugha yao ni Kiarabu kilichozaliwa upya midomoni mwa watu wengi. Nikamwambia: babu zako hawakutoka kwenye taifa moja. Walitoka kwenye mataifa ishirini, wakatengeneza moja. Mimi naona hiyo ni kazi ngumu kuliko kujenga piramidi.

Na hiyo rangi moja inaua, ndiyo maana siiiti kosa dogo. Idi Amin asili yake ilikuwa Koboko. Alipoanguka Aprili 1979, na hasa kuanzia mwishoni mwa 1980, askari waliokuja kulipiza kisasi waliona rangi moja tu. Mlugbara, Mkakwa, Mmadi, mkulima, muuza samaki, aliyempenda Amin na aliyefiwa na mume kwa mkono wa Amin, wote wakahesabiwa kuwa watu wa Amin. Walifanya kile vijana walichokuwa wakifanya jioni ile: rangi ikishajulikana, hakuna haja ya kuuliza jina.

La pili ni kengele. Katika 0 A.D. hatari ikija unabonyeza alama ya tahadhari, na akina mama wote wanakimbilia ndani ya majengo. Jengo linawalinda. Hatari ikipita, unabonyeza tena, wanarudi shambani palepale walipoacha. Nilipoiona mara ya kwanza nilitoka nje kidogo.

Nilikumbuka Ombaci. Ni misheni ya Kikatoliki karibu kabisa na mji wa Arua. Juni 1981 watu walikuwa wamekimbilia humo, wakiamini vile mtu yeyote angeamini, kwamba ukuta wa kanisa ni ukuta. Tarehe 24 wanajeshi wa serikali waliingia wakawaua watu wengi humohumo. Wazee wa Arua wanaikumbuka tarehe hiyo bila kuangalia kalenda. Gemu linamwambia mtoto kwamba ukuta ukiwepo, umepona. Sisi tunajua kwamba ukuta unakuwa kimbilio pale tu mwenye bunduki anapokubali kuwa ni kimbilio.

La tatu ni meza. Tulimwacha Amanirenas na vita yake. Iliishaje? Kwenye gemu inaisha Roma ikiwa majivu au Meroe ikiwa majivu. Kwenye historia iliisha kwa mazungumzo. Wajumbe wa Kush walisafiri mpaka kisiwa cha Samo, huko Ugiriki, wakakutana na Augusto mwenyewe, mnamo mwaka 21 au 20 K.K. Akawaondolea kodi waliyokuwa wametozwa. Mpaka ukapangwa, na amani ikakaa muda mrefu. Hebu fikiria wajumbe hao: safari ya miezi, mto halafu bahari, kwenda kuongea na mtu ambaye jeshi lake limebomoa mji wao. Kwangu mimi huo ndio ushujaa mkubwa katika habari yote. Gemu lina vitufe vitatu tu vya ujirani: mshirika, asiye upande, adui. Unaweza kumtumia mshirika chakula au mbao, na hilo nalisifu. Lakini wazee kukaa chini ya mwembe, kusikilizana, kutozana faini ya mbuzi na kumaliza shauri, kitufe hicho hakipo.

La nne ndilo alilouliza yule mtoto. Ramani ina mwisho.

Ng'ambo ya giza

Watu wa West Nile walipokimbia mwaka 1979 na 1980, walifanya kile ambacho yule mama wa kwenye gemu hakuweza. Walifika mwisho wa ramani wakaendelea kutembea. Wengine wakavuka kuingia Zaire, upande wa Aru na Ingbokolo. Wengine wakaingia Sudan, upande wa Yei na Kajo Keji. Kwa kitabu cha historia ya Uganda, hapo wanatoweka. Wanarudi ukurasa kadhaa mbele, wakati vita ya Sudan ilipowakuta huko makambini miaka ya 1980 na kuwarudisha nyumbani. Miaka ile ya katikati haimo.

Mimi najua ilikuwa wapi, kwa sababu ilikuwa uani kwetu. Nilikuwa mtoto mdogo. Familia moja kutoka Koboko ilifika usiku: baba, mama, watoto wanne, mbuzi mmoja na cherehani. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno matamu. Aliwapa kibanda cha kuku tukakifagia, wakalala. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ya tatu aliwapa jembe kweli, na kipande cha ardhi kando ya kijito, akawaambia, "Mihogo inakubali pale." Walikaa miaka sita. Yule mama alinishonea kaptula yangu ya kwanza ya shule.

Mwaka 2014 ilikuwa zamu yangu kuvuka, upande wa pili. Lobule ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia. Nilipofika kwenye ploti niliyopewa, mzee mwenye ardhi ya jirani alikuja kuangalia ni nani amewekwa pale. Nilitegemea maneno makali, na haki angekuwa nayo, maana miti ilikuwa inakatwa kila siku. Akauliza nimetoka wapi. Nikasema upande wa Aru. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwaka themanini nilikula mihogo ya huko." Kesho yake alinitumia mjukuu wake na kikapu cha vipande vya mihogo ya kupanda.

Si familia ileile, nisije nikakudanganya kwa ajili ya kupendeza hadithi. Hatukuwahi kukutana naye kabla. Lakini deni alilokuwa analipa lilikuwa la kweli, na alikuwa halilipi kwa aliyemkopesha.

Hiki ndicho gemu haliwezi kabisa. Ukimaliza mchezo, linasahau. Kesho ukianza upya, Mama Petra hajui kwamba jana ulimpa chakula au ulimchomea ghala. Kila mtu anaanza mgeni kwa mwenzake, msitu umerudi, makaburi hayapo. Katika West Nile hakuna anayeanza upya. Ndugu mfanyakazi wa shirika unayesoma hapa, labda umejiuliza kwa nini wenyeji wa wilaya hizi wametoa ardhi kwa watu wengi namna hii wakati wao wenyewe hawana nyingi. Kuna sera ya serikali, ndiyo, na kuna miradi inayowafaa wao pia. Lakini kaa na wazee. Utasikia mwaka 1980 kabla chai haijapoa. Hata Walugbara wanaposimulia asili yao, wanawataja mababu wawili waliofika kutoka kwingine, Jaki na Dribidu, mmoja wa mlima Liru na mwingine wa mlima Wati. Ni watu ambao hadithi yao ya kwanza kabisa ni ya wageni waliopata mahali.

Nami siandiki haya ili tuwasifu wenyeji halafu tulale. Kumbukumbu nayo inakatwa kama mti. Vijana wa hapa waliozaliwa baada ya 1990 hawajala mihogo ya mtu Zaire. Wanachoona ni foleni kisimani. Vijana wetu nao hawajui kwamba mwenyeji huyu anayewakaripia kuhusu kuni aliwahi kulala kwenye kibanda cha kuku. Wazee wanaoyajua ya pande zote mbili wanapungua kila mwaka. Fomu zetu hazisaidii sana: zina safu ya uraia, safu ya kabila, kisanduku kimoja kimoja, rangi moja moja. Hakuna safu inayouliza, "Uliwahi kumpokea nani? Nani aliwahi kukupokea?" Ningependa iwepo.

Kwa hiyo, gemu lifungwe? Hapana. Ningelifunga, nisingepata swali la yule mtoto. Kitabu kibaya unakisoma unanyamaza. Gemu lenye kasoro unalicheza na kasoro inakukera mkononi, mpaka unauliza. Na hili la 0 A.D. lina jambo moja zaidi: kwa kuwa liko wazi, unaweza kulibishia kwa vitendo. Ndani yake kuna chombo cha kuchorea ramani kinachoitwa Atlas. Tangu mwezi uliopita vijana wanachora Koboko. Wameweka Liru. Wameweka mto Kaya. Tulibishana wiki nzima mpaka upite wapi, na katika ubishi huo nimefundisha Lado, Leopold na mwaka 1914 bila mtu kusinzia.

Mwisho wakakubaliana jambo ambalo mimi sikulifikiria. Pembe ya ramani hawawezi kuifungua, gemu haliruhusu. Basi mpaka wameuweka katikati. Ardhi huku, ardhi kule, na wachezaji wawili ambao wamefungwa kuwa washirika tangu mwanzo. Kisha wakaondoa lile sharti la kuua mpaka mtu wa mwisho.

Jana walilijaribu. Adui wa tatu, Mama Petra, akashuka kutoka kaskazini na jeshi lake kama kawaida. Ikagundulika kitu ambacho gemu lilikuwa nacho siku zote, ila hakuna aliyewahi kukitafuta: watu wako wanaweza kuingia kwenye jengo la mshirika wako. Yule mtoto akamshika mama mmoja mkulima, akamtembeza polepole, akamvusha mto, akampeleka mpaka kwenye jengo la rangi nyingine, akabonyeza. Mama akaingia.

Hakuna kilichoandikwa kwenye kioo. Gemu halina pointi kwa jambo hilo. Mtoto akageuka, akamwambia kijana aliyekuwa anacheza ile rangi nyingine, mwenyeji, mzaliwa wa Koboko: "Mpe na shamba."